Kaburi Lenye Vigingi Vinne

Udongo haukuwa unaanguka.

Loveday Trembath alikuwa amesimama kichwani mwa kaburi la mumewe, kitambaa cheusi kimemfunika uso, akingoja ile sauti. Mhubiri alikwisha kumaliza maneno yake. Sasa ilikuwa zamu ya wanaume kupita mmoja mmoja, kila mtu achote konzi ya udongo kwenye lundo autupe juu ya jeneza. Wanaume thelathini walipanga mstari juani. Kumi walikwisha kupita, lakini udongo kugonga mbao aliusikia mara mbili tu.

Akanyanyua kitambaa atazame.

Pascoe Rowe, aliyechimba na Digory miaka sita, shimo moja, mshumaa mmoja, alikuwa kando ya lundo na jiwe jeupe mkononi, kubwa kama yai. Wachimbaji dhahabu wote wa Perrin, mji huu wa nyikani Australia, wana mazoea hayo: jiwe likiingia mkononi, linapelekwa mdomoni. Ulimi unatoa vumbi, na jiwe likishalowa linaonyesha lilichonacho. Wanafanya hivyo njiani, wanafanya hivyo wakiwa chakulani, wengine wanafanya hivyo usingizini. Pascoe alikuwa amelilamba jiwe la kaburi la rafiki yake bila kujijua, na sasa alikuwa analitazama. Uso ule kila mtu pale aliutambua. Wote walikuwa wamevuka bahari waje kuuvaa, na wengi wao hawakuwahi.

Nyuma yake, mzee Simon Oates akachota konzi yake, akaitemea mate, akaisugua kwa kidole gumba. Akaitia mfukoni. Aliyemfuata akatia mfukoni. Mhubiri naye akaanza wimbo wa mwisho kwa mwendo wa mtu anayewahi mahali.

"Mnafanya nini?" Sauti ilikuwa ya Honor, mama yake Digory, bibi mfupi wa miaka sitini na kitu, mkavu kama kuni. "We Simon! Unatia mfukoni udongo wa mwanangu?"

"Tunaomba, mama."

"Unaomba na mikono mfukoni?"

Wanaume walikuwa wanatazama shimo, na hawakumtazama aliyelala ndani yake. Ubavuni mwa kaburi, chini ya tabaka la udongo mwekundu, mkanda wa jiwe jeupe ulipita mshazari ukazama chini ya jeneza. Pascoe ndiye aliyelichimba kaburi lile alfajiri, kwa haraka, maana aliyekufa kwa homa ya matumbo hasubirishwi katika joto la Februari. Alikuwa akilia alipochimba, na hilo ni kweli. Ndiyo maana hakuona.

*

Hata kabla kaburi halijafukiwa vizuri, karai likapigwa. Perrin karai likipigwa ni mkutano, na mkutano ni wa wenye leseni ya uchimbaji peke yao. Walikusanyika palepale, ng'ambo ya mawe yaliyopangwa kuzunguka makaburi.

Jambo lenyewe lilikuwa jepesi, na la aibu. Katika mji ule kila mtu alikuwa na vigingi vyake vinne, kimoja kila pembe ya eneo lake, na kila kigingi kilikuwa na namba yake katika kitabu cha serikali. Duka la nyama lilikuwa limeandikishwa. Hata choo cha hoteli kiliandikishwa. Makaburi hayakuandikishwa na mtu. Watu walikuja kwa miezi mitatu, wachukue dhahabu warudi kwao. Nani angekwenda ofisini kuandikisha mahali pa kufia?

"Kisheria hii ni ardhi tupu," alisema Simon Oates.

"Ina watu kumi na wanane ndani," Loveday akasema.

Pascoe alijibu bila kumtazama. "Shemeji, asiye na leseni haongei mkutanoni."

"Mimi nilimzaa," Honor akadakia. "Kuzaa nako kuna leseni?"

Kicheko kidogo kikapita, kikafa. Waliendelea kuongea kama watu wenye adabu. Wakakubaliana kwamba leo ni Jumamosi, mtu amezikwa leo, haitakuwa vizuri. Kesho ni siku ya Bwana. Basi iwe Jumatatu jua likichomoza. Mwenye leseni yeyote atapiga vigingi vyake, na atakayewahi amewahi. Makaburi ya zamani yasiguswe, maana yako juu, kwenye mchanga mtupu. Ni hili moja tu, la pembeni. Digory atasogezwa nyuma ya kanisa.

"Kwa heshima zote," alisema Oates. "Tutaimba tena."

"Mtaimba nini?" Honor akauliza. "Wimbo wa kuhama?"

Kofia ya rambirambi ikazungushwa. Ilimfikia Loveday ikiwa na shilingi kumi na saba, na kifungo kimoja cha shati. Walisimama wakimngoja, kila mtu na uso wa huruma, na yeye akaona wanachosubiri. Akizipokea, amekubali.

Akazipokea. Akazimimina kwenye kitambaa chake cheusi na kukifunga fundo. Kifungo pia.

"Mungu awalipe," alisema.

"Umeona?" Oates akamnong'oneza Pascoe, na kila mtu akasikia. "Mwanamke mwelewa."

*

Ofisi ya leseni ilikuwa chumba cha mabati, inafungwa saa sita mchana siku za Jumamosi. Saa sita kasoro dakika kumi Loveday alikuwa dirishani, nyuma ya Mwitaliano mmoja na wavulana wawili kutoka Melbourne. Karani, kijana anayeitwa Ferris, aliwahudumia watatu wale. Halafu akaanza kufuta kalamu.

"Nataka leseni," Loveday akasema.

"Pole sana kwa msiba, mama. Ya marehemu haihamishwi. Imekufa naye."

"Yangu. Jina langu."

Karani akamtazama vizuri, akatazama nyuma yake kama kwamba kuna mwanamume amemtuma. "Mama, hii si leseni ya kufuga kuku."

"Sheria inasemaje? Inasema mwanamume?"

"Inasema..." Ferris akavuta kitabu, akakifungua, akasoma huku midomo ikicheza. Akarudia kusoma. "Inasema mtu."

"Basi mimi hapa."

Wavulana wa Melbourne walikuwa hawajaondoka. Mmoja akamwambia mwenzake, "Mwambie aonyeshe misuli," wakacheka. Ferris naye akatabasamu, maana kucheka na watu ni rahisi.

"Kazi?"

"Mchimbaji."

"Mama, kazi unayofanya kweli. Nimeshakula mikate yako ya nyama na viazi, ni mizuri. Niandike mpishi?"

"Kwetu Cornwall, kule Uingereza, wasichana ndio wanaovunja mawe juu ya mgodi. Nilishika nyundo nikiwa na miaka kumi. Nilivunja mawe miaka tisa, kabla hujazaliwa au ulipokuwa unanyonya, sijui. Andika mchimbaji."

Akaandika. Loveday akahesabu shilingi kumi kutoka kwenye fundo la kitambaa, na kifungo kikabingirika kwenye meza. Ferris alikitambua kile kifungo, kwa sababu ndicho alichotoa yeye mwenyewe kwenye kofia asubuhi ile makaburini. Masikio yakamwiva. Hakutabasamu tena, wala hakukigusa.

"Kibakie kwako," Loveday alimwambia. "Shati lako linapepea."

*

Nyumba ya Trembath ilikuwa ya magunia na mabati, chumba kimoja, na kitanda cha Digory kilikuwa bado kimeegemezwa nje kikikauka baada ya kuoshwa kwa dawa. Honor alikuwa amekaa juu ya sanduku, chai ya rangi imempoa mkononi. Aliitazama karatasi mezani muda mrefu. Hakujua kusoma, lakini muhuri aliujua.

"Utafanya nini nayo?"

"Nitapiga vigingi juu yake. Jumatatu. Wasimtoe."

"Na dhahabu?"

Loveday alikuwa anakata mkate, akaacha.

"Nakuuliza kitu cha akili," Honor akasema. "Mwanangu amelamba mawe miaka sita katika nchi hii. Sita. Alikula vumbi, alikunywa maji ya chumvi, amekufa akiharisha kwenye ndoo. Hakuwahi kuona hata ya kujaza jino. Leo ndiyo analala juu yake, halafu wewe unataka tuifunike?"

"Mama, ungependa atolewe?"

"Mimi si mtakatifu. Ningekuwa na nguvu ningemtoa mwenyewe kwa kucha, nimfute uso, nimwambie tumepata, baba, halafu nimrudishe." Akameza chai ile ya baridi. "Lakini mimi. Au wewe, uliyemwosha. Si Pascoe na wenzake na kamba kiunoni. Wasimguse."

"Basi tuko pamoja."

"Hatuko pamoja. Tuko nyumba moja." Akaweka kikombe chini. "Hivyo vigingi uko navyo?"

Vilikuwa vya Digory, kwenye pembe ya chumba, vigingi vinne vya mti mgumu, vichwa vimechanika kwa kupigwa sehemu ishirini ambazo hazikuwa na kitu. Loveday akavikwangua namba ya zamani kwa kisu, akaandika yake. Alimwambia mkwewe jambo ambalo lilikuwa linamtia hofu tangu ofisini. Sheria ina pande mbili. Mwenye eneo lazima alifanyie kazi, masaa manane kila siku ya kazi, kama ambavyo mchimbaji stadi angelifanyia. Akiacha siku tatu mfululizo, au akikaa tu bila kuchimba, mtu yeyote anaweza kumshtaki na kulichukua.

"Kwa hiyo ukitaka asichimbwe," Honor akasema polepole, "lazima uchimbe."

"Ndiyo."

"Aliyetunga sheria hiyo ana mama?"

*

Jumatatu, mashariki ilipoanza kupauka, wanaume ishirini na sita walikuwa wamesimama nje ya mawe ya makaburi, kila mmoja na vigingi kwapani na nyundo mkononi. Walikuwa wamejipanga kama wanafunzi. Ndani, juu ya kaburi, walikuwapo wanawake wawili, mama na mkwe, wamekaa tangu saa tisa alfajiri. Hakuna aliyewaambia watoke. Utamfukuzaje mfiwa kwenye kaburi la siku mbili?

"Wataondoka jua likitoka," Oates alisema. "Wanaaga."

Pascoe alikuwa wa mbele kabisa. Tangu Jumamosi hakuwa amelala na alinuka pombe kidogo, jambo ambalo si kawaida yake.

Ukingo wa jua ukachomoza. Oates akapiga karai.

Loveday akasimama, na kutoka chini ya sketi yake pana nyeusi vikaanguka vigingi vinne.

Wanaume walikuwa na hatua arobaini za kukimbia. Yeye alikuwa na hatua mbili. Kigingi cha kwanza alikipiga mapigo manne, kikakaa. Alikimbia na sketi ameikunja mkononi, akapiga cha pili. Nyundo ilikuwa ya kuvunjia mawe, yenye mpini mfupi, na mkono wake uliikumbuka. Walipofika alikuwa kwenye cha tatu, wakasita, maana hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumsukuma. Pascoe ndiye aliyempita. Alikimbilia pembe ya nne, akachomeka kigingi chake, akainua nyundo.

Honor akakaa palepale. Alikaa chini vumbini, miguu ameitandaza, kigingi cha Pascoe kikiwa katikati.

"Piga," akamwambia.

"Mama Honor, ondoka."

"Piga, Pascoe. Nimekulisha meza moja na mwanangu. Piga hapohapo, uone kama kitaingia."

Nyundo ilikaa hewani. Wanaume wakaanza kucheka, na mara hii walikuwa wanamcheka Pascoe. Aliposhusha mkono, Loveday alikuwa amekwisha kufika, amekipiga kigingi chake nusu hatua kutoka mguu wa mkwewe, na ametoa karatasi kifuani akaishika juu wote waione.

"Ardhi tupu mlisema," alisema, akitweta. "Sasa haiko tupu. Mko ndani ya eneo langu. Tokeni."

*

Akaanza siku ileile. Alichagua mahali futi tatu tu ubavuni mwa kaburi, akachimba kwenda chini. Honor alivuta ndoo kwa kamba na roda, akamwaga kifusi, akarudisha ndoo. Wale wengine walipiga vigingi kwenye mteremko wote uliobaki, wakachimba wiki nzima, wakapata mawe ya chuma na vumbi. Dhahabu ilikuwa mkanda mmoja mwembamba, na mkanda ule ulipita kwa Loveday, ukaingia kwa Digory.

Mji ulijua namna ya kuonyesha kwamba umekasirika. Mikate ya nyama haikununuliwa tena. Aliipika Jumanne na Jumatano, ikamrudia yote, wakaila wenyewe mpaka Honor akasema akiona kiazi kingine atatapika. Mwenye tangi la maji aliwapa zamu ya mwisho, ya maji yenye tope. Wanaume wakipita walisalimia shimo. "Digory, mkeo amekufuata mpaka huko?" Mmoja akaongeza, "Alizoea kukuamsha kwenda kazini, leo amekuja mwenyewe!" Kanisani mhubiri alisoma habari za wanaopenda dunia, na watu wakageuza shingo.

"Nikuulize," Honor alimwambia Alhamisi, mdomoni mwa shimo. "Hapo ulipo, uko naye sawa?"

Loveday alikuwa futi sita chini. Kulia kwake ulikuwa ukuta wa udongo na jiwe, na nyuma ya ukuta, umbali wa mkono mmoja, zilikuwapo mbao za jeneza, za masanduku ya baruti, ambazo yeye mwenyewe alizipigilia misumari.

"Tuko bega kwa bega," akajibu.

Honor akaishusha ndoo tupu. "Mwambie viatu vyake nimempa kijana wa Kiafgani, mchunga ngamia. Vilimtosha."

Ijumaa aliufikia mkanda. Aliuvunja kwa upande wa kushoto na wa mbele, akatoa mawe meupe ndoo mbili, na jioni walipoyaponda na kuyapepeta nyumbani ilipatikana dhahabu ya kujaza kijiko kidogo. Honor aliigusa kwa ncha ya kidole, akakilamba kidole, akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Upande wa kulia Loveday hakuugusa. Mkanda ulikatiza pale ukutani, unene wa mkono, unametameta, ukaendelea gizani chini ya Digory.

Jumatatu iliyofuata Pascoe alifungua mashtaka.

*

Hakimu wa machimbo, Bwana Whitlow, alikuja na farasi Jumatano saa nne asubuhi, mtu mnene, mwenye kofia ya majani na kitambaa cha kufutia shingo. Angeweza kuwaita ofisini, lakini alipenda kuona mambo kwa macho. Mji mzima ulimfuata makaburini. Loveday alikuwa shimoni, futi tisa chini, na nyundo ilikuwa inasikika.

"Mwambieni apande," hakimu akasema.

"Mheshimiwa," sauti ikatoka chini, "nikipanda watasema sifanyi kazi."

Hakimu akajifuta shingo. "Haya. Semea hapohapo ulipo. Rowe, malalamiko yako."

Pascoe alivua kofia. Alikuwa ameyakariri maneno. "Mheshimiwa, sheria inasema eneo lifanyiwe kazi kama mchimbaji stadi angefanya. Huyu ameupata mkanda, amechukua pande mbili, ameuacha upande wa tatu, ambao ndio mnene kuliko zote. Anachezea. Analalia dhahabu. Hakuna mchimbaji duniani anayeacha jiwe kama lile."

"Kweli kabisa," watu wakasema.

"Bibi Trembath, umeliacha?"

"Nimeliacha."

"Kwa nini? Kwa sababu ya kaburi?"

Watu wakajongea. Akisema ndiyo, amekwisha. Sheria ile haikuwa na neno kaburi ndani yake, wala mume, wala msiba.

"Mheshimiwa," Loveday akasema, "wewe umeuliza kaburi. Mimi naona nguzo."

"Nguzo?"

"Upande huu ni udongo uliofukuliwa, haujakaa. Nikiukata huo ukuta, kila kilicho nyuma yake kinanimwagikia. Mchimbaji anaacha nguzo ili apande kula chakula cha mchana. Nimeacha nguzo. Sijui kama huko kwenu Perth mnaziacha."

Watu wakaguna. Wengine walianza kubisha, wengine wakawabishia waliobisha, maana kila mmoja pale alikuwa na ndugu au rafiki aliyefukiwa kwa sababu mtu fulani alitamani jiwe la kwenye nguzo. Oates akapaza sauti kwamba huo ni ujanja wa kike. Hakimu akanyoosha mkono.

"Mimi ni mtu wa karatasi," alisema. "Nani hapa ni mchimbaji stadi? Mmoja, ambaye wote mtakubali neno lake kuhusu mwamba."

Macho yote yalikwenda mahali pamoja. Perrin kulikuwa na wanaume wenye nguvu kuliko Pascoe Rowe na wenye bahati kuliko yeye. Hakukuwa na aliyejua mwamba kama yeye. Wenye migodi walimwita agonge na kusikiliza dari ya mgodi kabla hawajaingiza watu.

"Yeye ndiye mlalamikaji," karani Ferris akasema. Alikuwa amekuja na kitabu.

"Najua. Rowe, shuka. Upime huo ukuta. Halafu upande useme hapa, kwa kiapo, kama ungeukata."

Pascoe akatia mguu kwenye ndoo. Aliyeshika roda alikuwa Honor, na kwa kitambo kirefu hakuizungusha, wakatazamana. Kisha akamshusha, polepole, kama anavyoshusha sahani.

Chini palikuwa pembamba. Loveday alijibana nyuma kumpisha. Hawakuwa wameongea tangu Jumatatu ile ya vigingi.

"Shemeji."

"Ukuta ule pale."

Mkanda ulikuwa mbele ya uso wake. Mshumaa ulitosha; hakuhitaji kulamba kitu. Alikuwa ameuona katika ndoto mara nyingi, na ndotoni haukuwa mnene hivi. Akageuza nyundo yake, akaushika upande wa chuma, akagonga ukuta kwa mpini na kutega sikio. Ndivyo wanavyofanya wote. Jiwe zima linajibu kwa sauti kavu. Akagonga juu kidogo. Akagonga tena, akasogeza sikio mpaka likagusa udongo.

Sauti iliyorudi ilikuwa ya ubao, yenye uwazi nyuma yake.

Akabaki vile, shavu ukutani. Loveday akatazama pembeni.

"Ni wewe uliyemlaza upande huu," akamwambia. "Kichwa kiko hapo ulipoweka sikio."

Juu waliita. Mtu wa kazi ile anaweza kudanganya kuhusu wanawake, kuhusu uzito wa dhahabu na kuhusu alikolala jana. Kuhusu mwamba hadanganyi, kwa sababu kuna mtu chini yake. Na mtu aliyekuwa chini ya ule, kesho na keshokutwa, angekuwa yule aliyesimama nyuma yake na nyundo.

Alipopandishwa, vumbi lilikuwa limemshika shavu moja tu. Hakimu akamnyooshea Biblia.

"Ungeukata?"

Pascoe akasema kitu.

"Hatusikii," Oates alisema.

"Sema kwa nguvu, Pascoe," Loveday akaita kutoka chini. "Siku ya mkutano sauti ulikuwa nayo."

"Siukati!" Alipiga kelele. "Ni nguzo. Ukiitoa, ubavu wote unashuka, anakufa aliye ndani. Hakuna mchimbaji stadi atakayeikata. Mimi siikati. Na atakayeikata nitamvunja mikono."

Oates akatupa kofia yake chini. Mmoja akatukana kwa Kiitaliano. Hakimu alimwambia Ferris aandike, na Ferris akaandika.

"Malalamiko yametupwa," alisema. "Nguzo itabaki."

"Mpaka lini, mheshimiwa?" Oates akauliza.

"Mpaka shimo liwe halina mtu. Bibi Trembath akiacha kazi siku tatu mfululizo, hii ni ardhi tupu tena, njooni na vigingi vyenu. Ndivyo sheria inavyosema, siwezi kuibadilisha." Akainama juu ya shimo, akashusha sauti, na kwa kweli alikuwa mtu mwema kadiri cheo chake kilivyomruhusu. "Mama, umesikia? Si siku tatu za mwezi huu tu. Hata ukiumwa. Hata ukizeeka. Utaweza?"

"Baada yangu yupo mkwe wangu. Leseni yake ameshailipia."

"Nina miaka sitini na nne," Honor akasema, bila kuacha roda. "Nitaanza nikizeeka."

"Basi leo panda upumzike. Umeshinda."

Nyundo ikagonga jiwe, mara moja, mara mbili, na vipande vikaanguka kwenye ndoo.

"Nimebakiwa na masaa matano, mheshimiwa," sauti ikasema. "Waambie hao watu warudi nyuma. Wananizibia mwanga."